Nywele za Mutheu

Wanasesere wangu wote siku hizi wamefunga vilemba. Wateja wanadhani ni mtindo. Mama mmoja wa Buruburu alinitumia ujumbe kwamba amependa sana hiyo heshima niliyowavalisha, nikamjibu asante, Mungu akubariki, nikaweka simu chini. Ningemwambia nini? Kwamba chini ya kilemba hakuna kitu? Kwamba wote ni vipara?

Mungu alinipa mikono ya sindano. Nipe kipande cha kitambaa cha amerikani nikichemshe na majani ya chai mpaka kipate rangi ya ngozi ya mtu, na kufikia jioni nitakupa mtoto mwenye mashavu, magoti na kitovu. Nguo namshonea kwa vipande anavyoniwekea Hibaq, mwenye duka la vitambaa kule Eastleigh. Viatu namkatia kwa mabaki ya ngozi kutoka kwa mafundi wa Kariokor. Kuhusu uso, usiniulize. Niliwahi kumshona jirani yangu Lydiah bila kukusudia, akajiona amekalishwa dirishani mwangu akanuna wiki nzima. Lakini kusuka sijui. Mama yangu alijaribu kunifundisha akachoka, akasema vidole vyangu ni vya kusonga ugali.

Aliyekuwa akiwasuka ni binti yangu Mutheu. Alianza akiwa darasa la pili. Mimi nikiwa jikoni, yeye alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, mwanasesere amembana katikati ya magoti kama msusi na mteja wake, akimsuka uzi wa sufi mistari ya kila aina. Hata kuwagombeza aliwagombeza. "Tulia wewe! Nani amekugusa?" Nami nasukuma chapati huku nacheka, na ya kwanza kutoka kwenye kikaango alikuwa akiiiba ingali moto, akiirusha mkono huu na huu. Hapa mtaani Jericho, Nairobi, watu walijua nyumba yetu kwa harufu ya chapati na kelele za Mutheu.

Mutheu ni jina la marehemu mama mkwe wangu. Kwetu Wakamba ukimpa mtoto jina la mtu, umemrudisha huyo mtu nyumbani. Ndiyo sababu shangazi yake, Ndete, dada ya marehemu mume wangu Wathome, hajawahi kumwita Mutheu hata siku moja. Humwita mwaitu, yaani mama yangu. Mtoto alipokuwa mdogo aliitika kwa sauti nzito, kama mama mtu kweli, na Ndete akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi naye tunaelewana. Mimi humwita Shangazi, mtoto humwita Auntie, na kila Ndete akitoka Dandora kuja kwangu hunikuta nimeshabandika chai.

Basi Januari ikafika. Shule aliyopangiwa Mutheu kuingia Gredi ya Kumi ilikuwa ya bweni, upande wa Embu, na sheria yao ya kwanza ilikuwa moja: msichana haingii langoni na nywele. Nilitaka kumpeleka kwa kinyozi akakataa.

"Mathe, kwa kinyozi nywele zinaanguka chini, zinafagiwa pamoja na za watu. Nikate wewe."

Mchana kutwa alikuwa mbele ya kioo akijisuka, misuko minene, mizuri, mpaka nikamuuliza anasuka za nini na tunakata.

"Ndio zisitawanyike," akasema. "Utakata mmoja mmoja."

Kila mtu aliyelelewa anajua nywele hazitupwi ovyo. Ndege akiziokota akajengee kiota, kichwa kitakuuma mpaka vifaranga viruke. Na huyo ni ndege tu. Akiziokota mtu, hayo ni mengine, na sisi Wakamba hatuhitaji kuelezwa, maana Kenya nzima ikitaka kumtania mtu kwa uchawi hututania sisi. Mimi maneno hayo huyasikia nikayaacha yapite. Ila nywele zangu huchoma. Kuamini ni kitu kimoja, mazoea ni kingine.

Nilimkata kibarazani kwa mkasi wangu wa vitambaa. Kichwa kilichobaki kilikuwa kidogo, cha mviringo, vile nilivyokipokea hospitali ya Pumwani siku ya kwanza. Alijipapasa, akanitazama, akataka kulia akaamua kucheka.

"Uzichome leo leo, Mathe."

"Nitachoma."

Alipoenda kuoga nikaifunga ile misuko kwenye kitambaa, nikaiweka ndani ya droo ya mashine ya kushonea. Nilijiambia nitachoma kesho. Kesho yake nikampeleka shule, na niliporudi jioni nikafungua mlango, nyumba ilikuwa imenyamaza hivi kwamba nilisikia friji ya Lydiah ng'ambo ya ukuta.

Sitaki kuzunguka: nilimlilia. Mimi si mtu wa machozi ya ovyo; Wathome alipotutoka nililia nikamaliza kwa sababu kulikuwa na mtoto wa kulisha. Sasa mtoto wa kulisha hayupo. Nilipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, wa watu wawili, na kesho yake tena wa watu wawili, kwa sababu mkono ulishazoea kipimo. Nilikula kiporo mpaka nikakichukia. Chapati ya kwanza ilitoka kwenye kikaango ikakaa sahanini ikapoa, hakuna wa kuiiba. Nikashona wanasesere, wakafika kichwani, wakakwama, nikawafunga vilemba. Kigoda kando ya jiko kilikuwa wazi, na nilikuwa nakizunguka badala ya kukisogeza.

Siku moja nikafungua ile droo nikitafuta sindano nene, nikakikuta kitambaa. Nilikinusa. Kilinukia mafuta ya nazi na kichwa cha mwanangu.

Mwanasesere wa kuniwekea mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kushona. Huyu nilimshona taratibu, bila haraka ya mteja. Sketi nilimkatia kwenye sare ya zamani ya Mutheu. Mdomo nilimwekea ule wa mtu anayetaka kujibu. Na kichwani, msuko mmoja baada ya mwingine, nikamshonea nywele, nzima nzima kama zilivyosukwa, maana ningezifumua singejua kuzirudisha. Nilipomaliza nikamkalisha kwenye kigoda. "Niletee chumvi," nikamwambia, kisha nikacheka peke yangu, kisha nikaifuata chumvi mwenyewe. Tangu siku hiyo nilipika nikiongea. Nilimweleza bei ya nyanya, nilimsengenyea Lydiah, nilimwambia nimemkumbuka. Nilipata nafuu, na sitamwomba mtu msamaha kwa hilo.

Shuleni kwao wasichana hupiga simu Jumamosi, kwa simu ya matroni, wakiwa wamepanga foleni. Jumamosi moja Mutheu akapiga, sauti imelegea.

"Mathe, kichwa kinaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nikuje. Lakini sasa imezidi."

"Umeenda kwa nesi?"

"Nimeenda, amenipea dawa. Inapoa halafu inarudi. Mathe, wacha niende, kuna line ndefu huku nyuma."

Nilibaki na simu mkononi nikitazama kigoda. Yule wa kitambaa naye alinitazama. Nikajiambia, Muthoki, usianze. Mtoto amehama mji, hanywi maji ya kutosha, analala bweni la watu themanini wanaokohoa. Nikamgeuza mwanasesere akaangalia ukuta. Baadaye nikaona aibu nikamgeuza tena.

Kesho yake, Jumapili, Shangazi Ndete akatoka kanisani akapitia kwangu na majani ya kunde. Mutheu alikuwa amempigia yeye pia, kwa hiyo alikuja na wasiwasi tayari. Mimi nilikuwa nje kwenye mfereji nikiosha vikombe, na niliporudi ndani sikusikia neno. Ndete ni mtu wa kuongea hata na pazia. Kimya kingi kina mshindo. Nikaingia jikoni nikamkuta amesimama, amemshika mwanasesere kwa kiuno.

"Mama Mutheu, hizi ni nywele za nani?"

"Shangazi, keti unywe chai."

"Nimekuuliza, ni za nani?"

"Za mtoto wangu."

"Ni za mama yangu!" akasema, na sauti ikampasuka. "Mwaitu anaumwa na kichwa huko Embu, na hapa ameshonwa kwenye kitambaa, ametobolewa na sindano! Unajua mama alikufa na nini. Ulikuwepo. Ulimshika kichwa hichohicho akilia usiku kucha. Sasa umemrudisha hapa umtoboe tena?"

"Shangazi, nilikuwa na upweke."

"Upweke unashonwa?"

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hakuwa amekuja kunitukana. Alikuwa binti anayeogopa kufiwa na mama mara ya pili. Alimrudisha mwanasesere kigodani polepole, kwa mikono miwili, akajifuta vidole kwenye leso yake. Chai hakuigusa. Miaka yote niliyomjua, hakuwa amewahi kukataa chai yangu.

Jumamosi iliyofuata Mutheu alipiga simu, na hakunisalimia.

"Mathe, ulizichoma?"

Nikatazama kigoda. Nyuma yake wasichana walikuwa wanasukumana na kucheka.

"Uliniambia utachoma."

"Nilikuwa nakukumbuka, mwanangu."

"Wananiita Mkamba wa kurusha majini huku, ni mchezo tu, mimi nachekanga. Sasa Auntie ananiambia vitu." Akavuta pumzi. "Midterm nitaenda kwa Auntie. Si ati nimekasirika, Mum. Asante kwa kuongea na mimi."

Akakata. Asante kwa kuongea na mimi! Hivyo ndivyo anavyomshukuru mwalimu. Angenifokea ningejua la kufanya; ningemfokea pia, tukamaliza. Adabu ile ndiyo iliyonimaliza. Tangu Januari nilikuwa naishi nikielekea hizo siku chache za likizo ya midterm, nikihesabu nitapika nini na nini, na sasa angeshuka kwenye gari akaenda Dandora, akalala kwa shangazi yake, akarudi shule bila kukanyaga kizingiti changu. Na nilijua mtoto akishajua njia ya kutokuja nyumbani, mara ya pili huwa rahisi. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema afanye nini akishaujua.

Jumatatu nikaenda Eastleigh kuchukua vipande vyangu. Hibaq alikuwa anakunja vitambaa vya dera, akaniona uso, akamwambia msaidizi wake amhudumie mteja, akanivutia kiti. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kukunja.

"Sisi nywele tunazika," akasema. "Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, na mimi pia watoto wangu nimewaambia wazike."

"Kwa hiyo nawe unaniona mchawi?"

"Nakuona mama. Lakini mtoto akiogopa nyoka, usimwambie ni kamba tu na wewe bado umeishika. Iweke chini kwanza. Halafu mwambie."

"Na nikiiweka chini nitabaki na nini?"

Hibaq alinijazia mfuko vipande vizuri kuliko siku zote, vingine hata si vipande, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Siku ile, jua likiwa bado juu, nikawasha jiko la makaa kibarazani. Nilikuwa nimepanga kuwa mwerevu: nifumue nywele nizichome, nibaki na mwanasesere. Lakini nilipomtoa nywele alikuwa kitambaa tu, kama hao wengine, na sikuweza kumtazama. Nikamfumua mwili wote, matambara yakarudi guniani. Kisha nikashika misuko. Niliitia kwenye makaa mmoja mmoja. Nywele hazichelewi, zinajikunja, zinalia kidogo, zimekwisha. Harufu ikajaa kwenye ploti nzima.

"Mama Mutheu!" Lydiah akapaza sauti kutoka kwake. "Unababua kichwa cha mbuzi na hujatualika?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Cha mbuzi."

Wa mwisho niliushika muda mrefu. Mutheu ana namna yake ya kumalizia msuko, anaurudisha ncha kwa ndani usifumuke. Nilipitisha kidole hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kisha nikautia nao.

Jumamosi hiyo Mutheu hakupiga, wala iliyofuata. Sikuwa na njia ya kumwambia. Kumtuma Shangazi sikutaka. Maneno yangu yangefika yamevaa nguo zake. Nikaamua nitasubiri siku ya wazazi kutembelea, iliyokuwa kabla ya midterm, nimwambie kwa mdomo wangu.

Siku hiyo niliamka alfajiri nikapika kama mpishi wa arusi. Kuku wa kienyeji wa kukaanga na mchuzi wake pembeni. Chapati laini za kukunjika mara nne bila kuvunjika. Muthokoi uliochemka na maharagwe mpaka ukalainika, nikaukaangia vitunguu na karoti na dania nyingi, vile anavyopenda. Nikapanga kwenye hotpoti, nikazifunga kwa leso, nikaoga, nikavaa rinda langu la kanisani. Nilimwalika Shangazi twende pamoja. Akasema mgongo unamsumbua.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa leso za kila rangi, kila familia na sahani zake, wasichana wote vichwa vidogo vya mviringo. Niliogopa nitashindwa kumtambua wangu. Nikamtambua kwa mwendo. Amekonda shingo, sweta imemzidi, na alikuja akitembea, hakukimbia.

"Sasa, Mum," akanisalimia, akanipa mkono.

Mkono! Nikaupokea. Mum, si Mathe. Nikatandika leso, tukaketi. Nikamuuliza masomo, akasema mazuri. Nikamuuliza baridi, akasema anazoea. Nikafungua hotpoti moja baada ya nyingine, na mvuke ukatoka, na wasichana wa leso ya jirani wakageuka kutazama kuku wangu. Nikampakulia sahani ikajaa.

Akaitazama. Akameza mate, niliona. Kisha akasema, "Nimeshiba, Mum. Tulikunywa uji."

Msichana wa bweni, siku ya kutembelewa, mbele ya kuku wa mama yake, ameshiba uji! Mwanzoni sikuelewa. Nilikuwa hata nimeanza kufungua mdomo nimtanie. Ndipo nikaona jinsi alivyoweka mikono chini ya mapaja, kama mtu anayejizuia, na macho yake hayakuwa kwangu wala kwa chakula. Mtoto wangu alikuwa na njaa, na aliogopa kula mkononi mwangu.

Sijui niseme vipi nilivyoumia. Niliumia mpaka masikio yakaziba.

Kwetu Ukambani, mwenye nyumba akimkaribisha mtu ambaye huenda ana shaka naye, huonja kwanza mbele ya macho yake. Marehemu baba mkwe wangu alifanya hivyo kwa kila kibuyu cha pombe kilichofunguliwa kwake. Alikunywa funda moja, akafuta mdomo, ndipo akampa mgeni. Ni heshima na ni kiapo. Mgeni akiona hivyo hunywa bila wasiwasi. Wanaofanyiwa ni wageni, na mahasimu waliopatanishwa, na wakwe wapya. Sijawahi kusikia mama akimfanyia mtoto aliyemnyonyesha.

Nilivuta ile sahani. Nikachukua kijiko, nikala muthokoi, nikatafuna, nikameza, naye ananiona. Nikakata kipande cha kuku, nikala. Nikachana chapati, nikachovya kwenye mchuzi, nikala. Sikusikia ladha ya chochote. Nilikula kila kitu kilichokuwa pale, kidogo kidogo, kwa utaratibu, kama ninavyoshona.

"Mum, wacha."

"Bado hiki kipapatio."

"Mum, wacha tafadhali. Watu wanaona."

"Waone."

"Mathe!" Alikuwa analia. "Usinionjee chakula. Mimi si mgeni."

Akaninyang'anya kijiko, kilekile nilichokuwa nimekitia mdomoni, hakukifuta, akakizamisha kwenye muthokoi. Alikula huku akilia, kisha akala bila kulia, kisha akala kwa kasi ile ya Mutheu ninayemjua, mchuzi ukimteremka mpaka kwenye kiwiko. Nilimwacha. Nikammiminia maji. Alipofika chapati ya nne ndipo akauliza, bila kunitazama.

"Uliichoma misuko yangu?"

"Niliichoma."

"Yote?"

"Yote. Lydiah alidhani nababua kichwa cha mbuzi. Alitaka supu."

Akapaliwa. Alicheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongoni, na mkono wangu ukabaki pale mgongoni na yeye hakuuondoa.

"Na kichwa kinaendeleaje?" nikamuuliza.

"Kiliacha. Mwalimu alinihamisha nikakaa mbele, akasema ni macho, nilikuwa nakaza sana kuona ubao."

"Alikuhamisha lini?"

Akaniambia ni wiki gani. Ilikuwa ni wiki ileile niliyowasha jiko kibarazani. Tukatazamana. Shangazi Ndete akilijua hilo ataliimba mpaka Krismasi.

Alifuta mikono kwenye nyasi. Akakaa kidogo akichezea pindo la leso.

"Ilikuwa inakaa aje, hiyo doli?"

"Ilikuwa inakaa kama wewe."

"Ulikuwa unaiongelesha?"

Ningeweza kukataa. "Kila siku," nikasema.

"Ulikuwa unaiambia nini?"

"Bei ya nyanya. Mambo ya Lydiah." Nikaona heri nimalize. "Na kwamba nyumba imenishinda, Mutheu. Sijui kuishi humo bila wewe. Nitajifunza, lakini bado sijajua."

Alisogea, akaegemea bega lake kwenye langu, zito, bega la mtu mzima. Hivyo tukakaa tukitazama familia za watu, mpaka kengele ya kwanza ikalia na wazazi wakaanza kukunja leso.

"Midterm nitakuja nyumbani kwanza," akasema. "Kwa Auntie nitaenda Jumapili, tukitoka kanisani. Uje na wewe. Msikae mkinuniana kwa sababu yangu."

"Sawa, mwaitu," nikamwambia. Lilinitoka tu. Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo.

Akatabasamu. Kengele ya pili ikalia, wasichana wakaanza kukimbilia mistari yao. Mutheu alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kuiba kitu. Akapeleka mkono kichwani. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, fupi, ngumu, za kushikika kwa kucha tu. Akafinya, akakunja uso, akang'oa. Akanikamata mkono wa kulia, akauweka unywele ule mmoja katikati ya kiganja, akanifumba vidole kimoja kimoja.

"Weka huo," akasema. "Na usimwambie Auntie."

Kisha akakimbia.

Pale stendi nilipanda gari la Nairobi na hotpoti zangu tupu zikinigongagonga kwenye kiwiko. Kondakta alikasirika nilipomlipa. Akaniuliza, mama mzima wewe, unanipa nauli na mkono wa kushoto, hiyo ni heshima gani? Nikamwomba msamaha, lakini mkono wa kulia sikuufungua.